Mwaka Tuliomfuga Dinosaria

Kalekye tulimzika Alhamisi, kule kwao nje kidogo ya Mbumbuni, na mimi niliketi safu ya nyuma karibu na masufuria, kwa sababu mzee akikaa mbali na chakula kwenye matanga huhesabiwa kwamba ameshiba. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyesoma maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea mikutano, na alipofika kwenye miaka ya shule akatabasamu kidogo. "Mama akiwa kidato cha nne," akasema, "aliandika daftari zima kuhusu namna ya kumfuga dinosaria hapa kwetu Ukambani. Daftari hilo ndilo lililompeleka chuo cha mifugo. Mengine yote mnayajua." Watu wakacheka kile kicheko cha matanga, cha kupumua kidogo kabla ya kurudi kulia. Mama aliyekuwa kando yangu akanigusa goti, akasema, "Huyu alikuwa na akili tangu zamani." Nikamwambia ndiyo, alikuwa nayo. Nilikuwa na sahani ya wali na nyama mapajani, nikaila yote, sikuacha hata punje. Daftari lile niliandika mimi.

Wenzangu wanaoandika maisha yao huanza na babu, mishale yake na wake zake. Babu yangu namwacha alale. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa kidato cha nne katika shule ya harambee ya wasichana yenye madarasa manne, maabara isiyo na maji, na bweni moja lililokuwa ghala la pamba kabla wakulima hawajachoka na pamba. Nyuzi zilikuwa bado zimekwama kwenye mbao za paa. Upepo ukivuma zilidondoka vitandani, tukaamka na nyusi nyeupe. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekosa, na ile ya Machi ikaja siku tatu ikaenda zake. Jikoni, muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa mpaka ganda likatoka, ambayo Mkamba huyazoea kabla hajaota meno, yaliisha mwezi wa pili. Tukaletewa mahindi ya njano ya msaada, ambayo hata ukiyachemsha kutwa nzima bado yanakutazama. Kalekye na mimi tulikaa dawati moja, tukalala kitanda juu na chini, na sahani zilipopungua tukala sahani moja. Walimu walituita chanda na pete. Yeye alikuwa mcheshi, mwembamba, mwenye sauti ya kuwafanya watu wageuke. Mimi nilikuwa yule anayekaa naye.

Dinosaria aliingia shuleni Jumanne moja, saa ya biolojia. Bwana Muthama, aliyetufundisha biolojia na kilimo, na mpira wa wavu pale mwalimu wake alipougua, alikuja na picha aliyoikata kwenye gazeti kuukuu la kigeni, akaibandika ubaoni kwa ugali. Mnyama alikuwa na shingo ndefu, kichwa kidogo na tumbo la kutia hofu. Bwana Muthama akatuambia alikula majani tu, na kwamba akilazwa chini angeenea kutoka mlango wa maabara hadi jikoni. Msichana mmoja wa mbele, binti wa mchungaji, akauliza kama mnyama huyo alikuwemo kwenye safina. "Mtihani hautauliza safina," Bwana Muthama akasema, akageukia ubao. Hapo ndipo Kalekye aliponinong'oneza, "Sasa huyu, ukiwa naye nyumbani, utamfunga wapi?" Nataka niwe mkweli juu ya hilo, maana juu ya mengine sitakuwa na huruma: swali lilikuwa lake. Lakini mimi ni mtu ambaye akiulizwa swali la mzaha huanza kupima kamba. Kabla kengele haijalia nilikuwa nimeshakata shauri kwamba hafungwi shingoni, atavunja mti aliofungwa. Atafungwa mguu, kama mbuzi mkorofi, na mti wenyewe utachaguliwa siku nyingine.

Tulimwita Mgeni, kwa sababu mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tungemfunga plau. Nililitoa daftari langu la akiba, lenye jalada la kijani, tukaanza kuandika saa za kujisomea alasiri, joto likiwa limewalaza wenzetu juu ya vitabu vyao. Yeye aliuliza, akacheka, akatia chumvi, mimi nikaandika. Hatukuandika jina la mtu yeyote juu ya jalada, kwa maana upuuzi saa za masomo adhabu yake ilikuwa kusugua vyoo wiki mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa boma. Ua wa miiba haukufaa kitu, kichwa kingepita juu yake na kula mbaazi za jirani mwili ukiwa bado umelala ndani, kwa hiyo nikaandika kwamba Mgeni hazungushiwi ua. Yanayozungushiwa ni mashamba. Josho la kuua kupe lilitushinda wiki nzima. Kalekye alitaka afundishwe kuogelea bwawani, aogeshwe humohumo, nami nikamwuliza hilo bwawa lenye dawa ya kupe litanywewa na nani. Mwishowe tukakubaliana juu ya ngazi ya kanisa, pampu mbili za kunyunyizia dawa, na watu wawili, mmoja kila upande, waanzie mkiani kabla hajachoka kusimama, kwa sababu akichoka ataanza kuupiga huo mkia. Samadi tuliisifu kurasa mbili. Maji yalikuwa taabu kubwa zaidi. Kwenye mto wetu mkavu wanawake walichimba visima mchangani na kupanga foleni tangu alfajiri. Mgeni angenyonya foleni nzima kwa mkupuo mmoja, na sisi tungepigwa mawe, tena kwa haki. Basi angeswagwa hadi Kiboko, ambako maji hutoka ardhini hata wakati wa kiangazi, mara moja kwa wiki. Na kama hawezi kukaa wiki bila maji, aliandika Kalekye kwa mkono wake pembeni, basi hakufaa kuzaliwa Ukambani. Huo ndio mstari pekee wa mwandiko wake katika daftari lile.

Chakula cha Mgeni tulikipata jikoni, au tuseme mpishi ndiye aliyetupa. Mama Nduku alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na sisi wawili tulipenda kumsaidia kuchambua mahindi kwa sababu pale mlangoni palikuwa na kivuli. Siku moja tulipokuwa tunakaribia tukamsikia akiongea ndani na mzee aliyeleta kuni. "Hawa wasichana wawili wako na mnyama wanaficha," alikuwa akisema. "Mimi nimesikia na masikio yangu. Wanasema atakula debe ngapi. Sasa na hii njaa, mtu anaficha mnyama namna hiyo? Si wauze." Mzee akauliza ni mnyama gani. "Sijui. Lakini ni mkubwa. Wanasema kupanda ni na ngazi." Kalekye alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tuliingia tukamweleza Mama Nduku yote, picha, shingo, Mgeni na josho, tukidhani atatufukuza. Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Hiyo kitu haiwezi kuwa ya nyumba moja. Hata kukula kwake si kwa nyumba moja. Mkisema ni yenu nyinyi wawili, itawamaliza." Kisha akatupatia kikapu kingine cha mahindi.

Neno hilo lilinikaa kichwani siku tatu. Nyumbani wanawake walikuwa na mwethya, kile kikundi cha kulimiana zamu kwa zamu: leo matuta ya huyu, kesho ya yule, na asiyekuja kwa mwenzake haendewi. Nikafikiri, kama mwethya unaweza kuchimba matuta ya kilima kizima, kwa nini usimlishe Mgeni? Nikaanza kuandika. Nyasi zikatwe mvua inapokuwa nzuri, si kiangazi kikishafika. Zikaushwe kivulini, zifungwe mafungu madogo, ziwekwe juu ya dari ya miti mchwa wasizifikie. Kila nyumba ilete fungu moja kwa siku, nyumba yenye mgonjwa irukwe, nyumba yenye harusi ilete mawili. Nilichora jedwali la miezi tangu mvua hadi mvua, na kando nikaonyesha nini kitatokea mvua ikikosa mara moja, na nini ikikosa mara mbili. Kalekye alichungulia akasema, "Wewe sasa umeacha mchezo." Alisema kweli. Ukiweza kumlisha Mgeni mwaka wa njaa, ng'ombe kumi wa kijiji ni kitu gani? Nilikuwa na miaka kumi na minane na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimefikiri jambo mpaka mwisho wake. Bado nakumbuka utamu wake. Hakuna chakula nilichokula mwaka ule kilichofanana nao.

Muhula wa pili ulikuwa na mambo mawili, na sikujua kwamba yangekutana. La kwanza, Bwana Muthama alitangaza kwamba chuo cha mifugo kingemchukua msichana mmoja kutoka shule yetu, bila karo, na kwamba afisa wa mifugo angekuja mwenyewe kumchagua. Nyumbani nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba kidato cha nne ndicho mwisho wangu. Nafasi ile moja niliitaka mpaka nikashindwa kuitamka, nilimwambia Kalekye peke yake, tukiwa tunafua, na akasema, "Ni yako hiyo. Nani mwingine hapa anajua kupima kupe?" La pili lilimpata yeye. Alirudi kutoka mapumziko akiwa amekonda, macho yamezama, na siku ya tano akanieleza kwamba ng'ombe wao wote walikuwa wamekufa. Wa mwisho alifia njiani akipelekwa majini. Kisichomtoka kichwani hakikuwa maziwa wala nyama. Kwetu kila ukoo una alama yake, inayopigwa kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe na kuchongwa hata kwenye mizinga ya nyuki, na mtu akiiona popote anajua mali ni ya nani bila kuuliza. "Baba amesema hakuna mnyama hata mmoja aliye hai mwenye alama yetu," akaniambia. "Anakaa hapo nje, anatazama kile chuma."

Sikuwa na la kumpa. Nilifungua daftari pale nilipokuwa nimemchora Mgeni ukurasa mzima, na kwenye paja lake la nyuma, kubwa, kwa wino, nikachora alama ya ukoo wao: duara lenye mkia na nukta mbili chini yake. Nikamwambia, "Mwambie baba yako ana mmoja. Na hafi." Alilitazama muda mrefu, akalia, kisha akaanza kucheka akiwa bado analia, akaninyooshea mkono tukashikana. Nimejiuliza mara nyingi kama ningefanya tofauti. Ningejua yatakayokuja, ningechora alama ya ukoo wangu, nikamwacha alie. Nasema hivyo leo nikiwa mzee na nikiwa na hasira. Siku ile nilimpenda.

Mwezi wa Agosti Bwana Muthama alipita kati ya madawati alasiri moja, akaingiza mkono chini ya vitabu vyetu, akalitoa daftari. Alisoma amesimama. Tuliona tumbo lake likitikisika chini ya shati, tukajua anacheka, tukaanza kufikiria vyoo. Alifika katikati, akaacha kutikisika. Alisoma kurasa zile za mafungu polepole, kidole kikifuata jedwali, kisha akalitia daftari mfukoni mwa koti. "Haya," akasema, akaenda zake. Hatukuitwa. Hatukuadhibiwa. Wiki ikapita, Kalekye akasema labda amelichoma.

Hakulichoma. Afisa wa mifugo alipofika, mwezi wa Septemba, kidato cha nne tuliitwa ukumbi wa kulia asubuhi, tukaketi kwenye mabenchi na harufu ya uji, na daftari la kijani lilikuwa mezani mbele yake. Aliitwa Bwana Abdi. Alikuwa mtu wa kaskazini mashariki, mrefu, mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu, na alikunywa chai yake yote kabla ya kusema chochote. "Mimi nimelelewa na ngamia," akaanza. "Mwalimu wenu alinipa hii daftari mwezi jana. Nilicheka. Mkia, ngazi, nilicheka sana. Halafu nikafika hapa kwa mafungu ya nyasi, sikucheka tena. Nimewasomea watu wa ofisi yangu. Huyu ameandika hii anajua kiangazi. Huyu ndiye nataka." Akatutazama sote. "Nani ameandika?"

Watu huniuliza, wale wachache niliowahi kuwaeleza, kwa nini sikusimama. Kwetu msichana aliyelelewa hajitaji, hungoja atajwe. Ukijisifu, kila mtu anatafuta pa kuangalia. Na sikuwa na haja, kwa sababu kando yangu alikuwepo mtu aliyejua kila mstari, na chini ya meza alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu. Nilidhani anakusanya pumzi anitaje. Wasichana wengine walitutazama sisi wawili, maana kwao daftari lilikuwa la dawati letu. Bwana Abdi akalifungua, akaligeuza tuone picha ya Mgeni. "Hamsemi? Basi hii chapa ya nani? Kwetu ngamia hana jina la mtu mgongoni. Chapa ndiyo jina." Bwana Muthama, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akakohoa. "Hiyo ni ya ukoo wetu," akasema. "Wenu, wewe mwalimu?" Watu wakacheka. "Sasa msichana wa ukoo wenu hapa ni nani?"

Bwana Muthama alinitazama mimi kwanza. Hilo naweza kuapa. Alinitazama, akashusha macho, akasema, "Kalekye." Mkono uliokuwa umeshika wangu ukaniachia. Alisimama pale pale, benchi likatikisika, na Bwana Abdi akamwuliza kwa upole, "Ni wewe?" Akajibu, "Ndiyo, bwana." Akamwuliza kwa nini dawa inyunyiziwe kuanzia mkiani. "Kwa sababu kichwa kiko mbali, bwana," Kalekye akasema, "mpaka habari ifike huko sisi tumemaliza." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Bwana Abdi akacheka kuliko wote, akaandika jina lake. Hilo halikuwa jibu lililomo katika daftari, lakini lilikuwa zuri, na nilijikuta na mimi natabasamu. Nilikaa pale hadi wengine walipoondoka, na Mama Nduku akaja kupangusa meza. Alinikuta, akaipangusa kunizunguka.

Siku mbili baadaye nilimkuta nyuma ya jiko akiosha sufuria. Nilikuwa nimejitayarisha kupiga kelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. "Kwa nini?" nikamwuliza. Hakuinua kichwa. "Wayua, ulinipa," akasema. Nikamwambia nilimpa picha. "Ulisema ni wetu. Ulisema baba ana mmoja. Ng'ombe akishapigwa alama ya watu harudishwi, unajua hivyo." Nikamwambia, "Nilisema hivyo nikutulize." "Na mimi nilitulia," akajibu, na akaendelea kusugua. Nimekutana na wezi wengi maishani mwangu, na karibu wote waliona aibu au walikana. Kalekye hakuona aibu wala hakukana. Aliamini, au alikuwa amejifundisha kuamini katika siku zile mbili, kwamba amechukua kilicho chake. Ndiyo maana haikuwezekana kugombana naye.

Basi nikaenda kwa Bwana Muthama. Alikuwa maabara, peke yake, akisahihisha. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, "Mwalimu, mwandiko wangu unaujua." "Naujua," akasema mara moja, kana kwamba alikuwa amenisubiri. "Miaka minne nimeusahihisha." Nikamwomba amwandikie Bwana Abdi. Akaweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo sikuisamehe. "Nimwambie nini? Nilisimama hapo nikadanganya? Sikiliza. Kwao hawana hata mbuzi. Yule baba amekaa tu, hata hasemi. Wewe ni mgumu, Wayua. Wewe utapata kingine." Nikamwambia sikuwa na kingine. "Utapata," akarudia, akachukua kalamu yake. Juu ya ukoo hakusema neno, na mimi sitamtilia maneno mdomoni, amekwisha kufa. Lakini ningependa kujua, kama alama ile ingekuwa ya ukoo mwingine, macho yake yangeshuka au yangebaki pale yalipotua kwanza.

Nilichopata ni hiki. Nilifundisha shule za msingi miaka michache bila cheti, nikaachishwa wenye vyeti walipofika, kisha nikafungua duka Sultan Hamud, mkabala na reli, la dawa za mifugo na mbegu. Watu huja na chupa tupu wakaniita daktari, nami nawaambia mimi si daktari. Maisha hayo si mabaya. Nimelisha watoto, nimezeeka na meno yangu. Lakini mgumu nimeitwa tangu siku ile, na watu mbalimbali, kila walipotaka kumpa mtu mwingine kilicho changu, na nimekuja kujua kwamba ni neno la kumwibia mtu huku ukimsifu. Kalekye alisoma, akarudi, akazunguka Makueni hadi Kitui akiwafundisha akina mama wa mwethya kufunga nyasi za kiangazi. Pale matangani nilisikia maafisa wawili vijana wakiongea huku wakila. "Yule mama alikuwa mbele ya wakati wake," mmoja akasema. "Mafungu madogo, wewe. Kitu rahisi hivyo na hakuna mtu alikuwa amefikiria." Mwenye kipaza sauti alipoita mtu yeyote aliyesoma na marehemu aje aseme mawili matatu, jirani yangu alinisukuma kiwiko. Nilimwambia magoti yananiuma. Katika miaka yote hiyo Kalekye hakuwahi kuingia dukani kwangu, ingawa gari la ofisi yake lilipita hapo mara nyingi, na mimi nililijua kwa sauti yake.

Mara ya mwisho tuliyoongea ilikuwa siku ya kufunga shule, mtihani umekwisha. Bweni lilikuwa limebaki na vitanda vitupu na nyuzi za pamba sakafuni, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikifunga godoro langu kwa kamba. Alikuja akasimama mlangoni na sanduku jipya alilonunuliwa na watu wa kanisa lao. Nilijua atasema samahani, nikaanza kutayarisha jinsi ya kuikataa. Akaingia akaketi ukingoni mwa kitanda chake cha zamani. "Wayua," akasema, "Januari wataniuliza kwa nini mafungu yawe madogo. Bwana Abdi mwenyewe amesema ataniuliza mbele ya darasa. Na mimi sijui."

Nilimchukia saa ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na sijamchukia mwingine hivyo baadaye. Ningeweza kunyamaza tu. Ingetosha. Ningefunga godoro langu, nikaondoka, na mbele ya darasa lile angesimama bila jibu, na labda mtu angeanza kuuliza. Lakini nje jua lilikuwa kali na mvua bado haijanyesha, na nilifikiri juu ya nyasi zikifungwa vibaya na mtu asiyejua, na sikuweza. Nikamwambia fungu kubwa hushika unyevu katikati, likaoza, na mnyama akila huumwa. Nikamwambia mwanamke anayetoka mtoni amebeba maji mgongoni anaweza kuongeza fungu dogo juu yake, kubwa hawezi. Na nikamwambia fungu likiwa dogo, hata nyumba isiyo na kitu italileta bila kuona aibu. Alisikiliza ameinama, kisha akayarudia yote kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani. Akayarudia tena. Mara ya pili aliisahau ile ya aibu, nikamkumbusha.